Usiprinti hilo bango! WrestleMania, kibanda changu na hawa manabii wa "habari za jikoni"

Mkuu simama hapo hapo ulipo. Kama hujamtumia mtu wa bango hela yake usimtumie, na kama umeshamtumia mpigie saa hizi umwambie asiprinti, salamu tutapeana baadae.

Nimesoma uzi wako wote. Umeuliza kiingilio uweke shilingi ngapi usiku wa WrestleMania 42, lile onyesho kubwa kuliko yote la kampuni ya mieleka ya WWE ya Marekani, hapo kwenye banda lako Kahama, umeuliza projekta au TV kubwa, jenereta ya kukodi au ya kununua, umeuliza na AEW, ile kampuni nyingine ya mieleka, kama ina watu, halafu katikati ukachomeka kasentensi kamoja tu kwamba bango litakuwa na sura ya John Cena na The Rock kwa sababu kuna peji "imethibitisha" wote wawili watakuwepo Las Vegas tarehe 18 na 19 mwezi wa nne 2026. Na chini yake ukaandika "asipotokea hata mmoja narudisha hela, najiamini". Hapo ndipo ugali wangu ulipopoa mezani. Hayo mengine yana majibu mepesi, hiki kinakula mtaji.

Mimi nina kibanda Ngamiani hapa Tanga. Mpira ndio unaonilisha, mieleka ni ya wale wateja wangu wa damu, wengine wameanza kuangalia enzi za kanda za VHS, wanamjua Undertaker kuliko wanavyomjua diwani wao. Usiku wa mieleka wa kawaida kiingilio ni buku, watu wanakuja, wanabishana, wanakunywa chai, wanaondoka. Hakuna mtu aliyewahi kunikaba shati kwa ajili ya buku. Nilikabwa shati siku nilipojifanya mjanja.

Turudi mwezi wa tatu 2025, unakumbuka Toronto? Onyesho la WWE la Elimination Chamber, Cena kashinda, bingwa wa wakati huo Cody Rhodes katoka kuja kumjibu The Rock aliyetaka amuuzie roho yake, yaani awe mtu wake, kakataa, Cena akamkumbatia kama ndugu, wakati huo Rock akapitisha kidole shingoni, mara Cena kampiga Cody za chini. Pale kibandani mtu mzima na ndevu zake alisimama akashika kichwa. Yule Cena ni steringi zaidi ya miaka 20, watoto wamezaliwa wakakua wakaoa yeye bado steringi, leo kageuka adui mbele ya macho yetu. Asubuhi yake mtaa mzima hauongei siasa wala Simba na Yanga, ni Cena tu.

Sasa hesabu ya mtu yeyote hapo ni rahisi. Rock ndiye aliyelipika lile jambo, WrestleMania 41 ni Cody na Cena kugombea mkanda, kwa hiyo Rock lazima aje kumalizia kazi yake. Nilifikiri hivyo mimi, ulifikiri hivyo wewe, naamini hata huko Marekani mamilioni walifikiri hivyo. Kufikiri hakuna shida. Shida ilianza nilipotaka mtu aniambie ni kweli, na nikamlipa ili aniambie.

Kuna jamaa ana peji ya mieleka kwa Kiswahili. Simtaji, msinifuate DM mkitaka jina, maana nikilitaja nitaandika na mengine ambayo moda atayafuta. Huyu bwana ana grupu la VIP, elfu kumi kwa mwezi kwa njia ya simu, anakupa "habari za jikoni". Anaandika kama mtu aliyekula chakula cha usiku meza moja na Triple H, bosi anayepanga maonyesho ya WWE. "Wakuu vyanzo vyangu vinasema." "Wakuu nimethibitishiwa muda huu." Vyanzo gani wewe, umekaa kwenu unakula mihogo kama sisi! Lakini wakati ule sikuliona hilo, niliona mtu mwenye taarifa. Nikamfuata inbox nikamweleza nina kibanda, nataka kufanya usiku mkubwa wa Pasaka, nikamuuliza Rock yupo au hayupo. Akanijibu asilimia mia, ameshatua Vegas, anaingia dakika za mwisho za pambano la Cody. Halafu akaongeza, na hili nalikumbuka neno kwa neno: "Mimi ningekuwa wewe ningeweka garantii, watu watajaa mpaka barabarani."

Garantii.

Ndugu yangu, kama angeniishia kwenye kunidanganya tu kwamba Rock anakuja ningepoteza elfu kumi zake na heshima kidogo, yangeisha. Ile garantii ndiyo iliyonimaliza, na ndiyo hiyo hiyo naiona kwenye uzi wako sasa hivi, ndiyo maana naandika kwa hasira hivi.

Bango lilisema THE ROCK LAIVU NGAMIANI. Nilimaanisha laivu kwenye skrini, jamani. Kuna bibi jirani aliniuliza atafikia hoteli gani. Chini yake maandishi mekundu: ASIPOTOKEA HELA YAKO INARUDI. Nikakodi Bajaji yenye spika izunguke mpaka Chumbageni, na yule kijana mtangazaji akakolezea vyake, akawa anasema hela inarudi YOTE, sasa neno "yote" mimi sikumtuma lakini alishalisema mtaa mzima. Kiingilio nikapandisha kutoka buku hadi elfu tatu, viti vya mbele elfu tano. Viti vya plastiki nikakodi kwa watu wa harusi, projekta nikakodi, jenereta nikakodi, petroli nikanunua, mama wa chapati nikamwambia aongeze unga kwa mkopo kwa dhamana yangu. Ndiyo, mpaka chapati nilizidhamini.

Usiku wenyewe ulikuwa mtamu, nisiongope. WrestleMania 41 usiku wa pili kule kwao ilikuwa Jumapili ya Pasaka, tarehe 20 Aprili, kwetu inaanza saa nane usiku tayari ni Jumatatu ya Pasaka, hakuna kazini, watu wamejaa mpaka wengine wamekaa juu ya ndoo. Wakafungua Iyo Sky, Rhea Ripley na Bianca Belair, na mimi nasema bila aibu lile ndilo lilikuwa pambano la usiku mzima. Watu ambao kila siku wananiambia "ruka ya wanawake" walikuwa wamesimama wanapiga mabati. Hakuna aliyeuliza Rock yuko wapi. Hilo pambano kwenye bango langu halikuwepo hata kwa herufi ndogo. Niliweka sura ya mtu ambaye hayupo, nikamwacha Iyo Sky ambaye yupo na ana mkanda. Hapo utaona akili zangu zilikuwa wapi.

Akatoka Randy Orton, tukamwona Dominik Mysterio anabeba mkanda wa Intercontinental, Becky Lynch karudi bila mtu kutegemea, na huku nyuma kila muziki ukipiga watu wanageuka kuniangalia mimi kama ndiye nimemshika Rock nyuma ya pazia. Nawapa dole gumba. Bado, bado, tulieni.

Ikafika Cody na Cena. Hapo azana ya alfajiri imeshapita, wengine wametoka kuswali wamerudi, na huku nje kunaanza kupambazuka. Kumbuka hilo la kupambazuka. Pambano lenyewe lilikuwa zito, linatambaa, Cena anacheza taratibu kama mtu anayedaiwa, na katikati muziki ukalia. Kibanda kizima kikasimama. Mtu akarusha chai. Kijana mmoja akanikumbatia. Akatokea... Travis Scott.

Sijui kama unamjua, ni mwanamuziki wa kule, mkubwa sana kwao, alikuwepo hata Toronto akamzaba Cody kofi. Ngamiani saa kumi na moja na nusu alfajiri hakuna anayemjua. Mzee mmoja akauliza kwa sauti "huyu ndo Rock? mbona kakonda?" Mimi nikacheka kicheko cha kujikaza, nikasema huyo ni kianzio tu, Rock yuko nyuma yake. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, mbele ya mashahidi.

Nyuma yake hakukuwa na mtu. Cody akamshughulikia Travis, akapata nafasi ya kumpiga Cena na mkanda, akasita kama steringi wa kizamani, Cena hakusita: za chini, mkanda kichwani, moja mbili tatu, bingwa mara 17, kampita Ric Flair mwenye 16. Historia. Jambo ambalo watu walilisubiri miaka. Na pale kwangu hakuna aliyeshangilia historia hata mmoja, maana wote tunasubiri Rock atoke akamkumbatie. Cena akanyanyua mkanda, picha ikakata, matangazo. Kimya.

Sasa lile la kupambazuka. Kibanda changu upande mmoja ni wazi, mwanga umeshaingia, na projekta mwanga ukiingia picha inafifia unaona vivuli tu. Kwa hiyo dakika za mwisho watu wa nyuma hawakuona vizuri kinachoendelea. Unajua walisema nini? Walisema Rock ALITOKEA ila mimi nimekata kile kipande. Wengine wakasema hakutokea, nirudishe hela. Makundi mawili yakaanza kubishana mbele yangu kama Rock katokea au hajatokea, na mimi nikiwa na tamaa nikajaribu kuegemea lile kundi la kwanza, nikasema "wengine mmeona". Hiyo sentensi ilinigharimu kola ya shati.

Na kurudisha hela zenyewe narudisha kwa nani? Sikuchapisha tiketi. Mlangoni dogo alikuwa anawachora alama ya kalamu mkononi. Saa kumi na mbili asubuhi mtaa mzima una alama ya kalamu mkononi! Watoto walikuwa wanachorana nje pale, shilingi mia mia, biashara imechangamka kuliko yangu. Aliyelipa elfu tatu anasema alilipa tano, aliyekuwa anapita kwenda kwa muuza maziwa naye yuko kwenye foleni, mzee wa "mbona kakonda" ambaye nilimwingiza bure kwa heshima ya mvi zake naye kanyoosha mkono. Nilirudisha mpaka hela za chai. Nilirudisha mpaka hela ambazo hazikuwahi kuingia. Viti vya harusi vilivyovunjika nikavilipa, na mama wa chapati alikaa kwenye benchi akinisubiri bila kusema neno, huyo ndiye aliyenitisha kuliko wote.

Nikaingia kwenye grupu la VIP. Admini kaandika nini? "Mipango imebadilika dakika za mwisho wakuu, ndivyo WWE ilivyo." Na emoji ya mikono. Chini yake tangazo la kulipia mwezi unaofuata. Nikamwandikia kwa upole, niliyemlipa ni mimi, garantii ulinishauri wewe. Akanijibu kuwa mimi ndiye nisiyeelewa biashara ya burudani. Kisha akanitoa kwenye grupu ambalo nimelipia mpaka mwisho wa mwezi! Baadae ndio nikaja kugundua zile "habari za jikoni" anazitoa kwenye makundi ya Facebook ya mashabiki wa huko nje, wanaoandika ndoto zao za kadi wanazotamani, yeye anazipitisha kwenye tafsiri ya simu anaongeza neno "imethibitishwa". Ndiyo maana Kiswahili chake kilikuwa kinatembea kinyumenyume, mimi nilidhani ni lugha ya watu wa ndani.

Na Rock wala simlaumu hata punje. Kwenye kadi rasmi ya WrestleMania 41 jina lake halikuwepo popote. Yule bwana tangu Januari 2024 ni mjumbe wa bodi ya TKO, kampuni inayoimiliki WWE, anakuja akitaka, asipotaka analala. Hakunitumia ujumbe kwamba niprinti sura yake.

Nikwambie kitu ambacho nilijitungia baada ya pale, na nimekiandika kwa chaki nyuma ya mlango wa kibanda: UZA USIKU, USIUZE MTU. Bango liseme WrestleMania, liseme tarehe, saa, bei, basi. Ukitaka sana, weka pambano ambalo WWE wenyewe wamelitangaza, na hilo nalo weka bila ahadi yoyote.

Kwa nini hata lililotangazwa usiliahidi? Sababu wenyewe hawaliahidi. Chukua WrestleMania 41 hiyo hiyo. Randy Orton na Kevin Owens ilikuwa imepangwa, hadithi imejengwa miezi, wiki mbili hivi kabla Owens katoka kwenye SmackDown, kipindi cha WWE cha kila wiki, kasema shingo yake mbovu hawezi kupigana. Orton akabaki hana mtu, usiku wenyewe akaja Joe Hendry wa TNA, kampuni nyingine kabisa, kupokea RKO, lile pigo la Orton. Mtu aliyeprinti Orton na Owens angesemaje? Turudi nyuma mwaka mmoja, Februari 2024, Cody ameshashinda Royal Rumble iliyompa nafasi ya kugombea mkanda WrestleMania, halafu anampisha Rock apigane na bingwa Roman Reigns, kwenye runinga kabisa, tumeona wote. Mashabiki wakawaka, "tunamtaka Cody" kila mahali, haikufika hata wiki wakapindua meza, na Aprili kule Philadelphia Cody ndiye aliyemaliza utawala wa Roman wa siku 1,316. Hiyo haikuwa tetesi ya peji, ilikuwa mbele ya kamera, na bado ilibadilika. Au ile ya 2019 baada ya Crown Jewel ya Riyadh, ndege ya wanamieleka ikachelewa kutoka Saudia, SmackDown ya kesho yake ikabidi ijazwe na vijana wa NXT, kile kitengo cha WWE cha kukuza vipaji. Ungekuwa umeuza tiketi kwa sura ya nani hapo?

Halafu kuna hii ambayo ndiyo inanifurahisha na kuniuma kwa pamoja. Julai 2025, Atlanta, Seth Rollins anapigana na LA Knight, anaruka anashika goti, wanamtoa nje. Dunia nzima ikaandika goti limekwisha, waandishi wenye majina yao kule Marekani, watu wa kazi kweli siyo huyu wangu wa mihogo, wakaandika kaumia. Tarehe 2 Agosti SummerSlam pale New Jersey, CM Punk kamshinda Gunther kachukua mkanda, hata hajapumua, Rollins katoka na magongo anachechemea, akatupa magongo, akakimbia na mkoba wake wa Money in the Bank, ule unaokupa haki ya kudai pambano la mkanda muda wowote, bingwa mpya. Alikuwa anaigiza muda wote! Sasa kama wale wenye simu za watu wa ndani walipigwa, wewe na mimi na admini wa elfu kumi tunajua nini? Na cha kuchekesha, mwezi wa kumi huyo huyo Rollins akaumia bega kweli kweli kwenye Crown Jewel ya Perth, Australia, akaupoteza mkanda bila kupigwa, na kibandani kwangu mpaka leo kuna watu hawaamini kuwa aliumia.

Hata mji wenyewe unahama. Unajua WrestleMania 42 ilitakiwa iwe wapi? New Orleans. Na aliyesimama pale New Orleans Februari 2025 akatangaza kwa kipaza sauti ni nani? Huyo huyo The Rock wako wa kwenye bango. Leo iko Las Vegas, Allegiant Stadium, pale pale pa 2025. Sasa kama Rock kwa mdomo wake alitangaza mji na mji ukahama, wewe unaweka garantii ya Rock kwa mdomo wa mtu mwingine.

Tuje kwa Cena. Najua utasema Cena ni tofauti, wananchi wanampenda, wanaamini atarudi. Cena alitangaza Julai 2024 kwamba 2025 ndio mwaka wake wa mwisho ulingoni, akaufuata mwaka wote, na tarehe 13 Desemba kule Washington Gunther akamkaba akagonga, yaani akasalimu amri. Kagonga! Cena! Watu ukumbini wakamzomea Triple H, na kwangu kuna mtu alitoka nje akawa anaongea na ukuta. Mimi maoni yangu ambayo yananigombanisha na wateja ni kwamba ilikuwa sahihi kabisa, mzee anatakiwa aondoke kwa kumwachia mtu kitu, na Gunther yule ana mkono wa kustaafisha, alikwishammaliza Goldberg mwezi wa saba mwaka huo huo. Ila kugonga ndiko kulikowauma watu, wangekubali ahesabiwe tatu. Sawa.

Je anaweza kurudi? Anaweza. Ric Flair alistaafishwa na Shawn Michaels 2008 kwa machozi, akaja kuonekana anapigana tena. Shawn mwenyewe kastaafu 2010, 2018 kapanda ulingoni Saudia. Mieleka haina kaburi. Lakini "anaweza" haiuzwi elfu tatu, mkuu. "Anaweza" ni mazungumzo ya kijiweni, bure, na raha yake ndiyo hiyo kuwa ni bure. Ukiipachika bei inakugeuka.

Sasa usiku huo wa mwisho wa Cena nilifanyaje? Bango nililiandika mwenyewe kwa rangi: USIKU WA MWISHO WA CENA. Hilo lilikuwa limetangazwa na kila mtu duniani, na hata hapo kwa lile andiko langu la nyuma ya mlango nilijiuliza mara mbili, nikaongeza "kama ilivyotangazwa". Jina la mpinzani sikuliweka kabisa, maana wenyewe walikuwa wanaendesha mashindano ya kumpata. Kiingilio buku jero. Tiketi za karatasi zenye mhuri, rangi tofauti. Cena kapigwa, watu wamekasirika, wamelia, wamenitukana mimi kana kwamba ndiye Gunther, na hakuna hata mmoja aliyeomba hela yake. Kwa sababu nilichowauzia walikipata. Walinunua usiku, usiku ukaja.

Kwa hiyo kiingilio chako, nadhani uliuliza kiingilio, weka ile bei yako ya kawaida ongeza kidogo ya jenereta, usiweke bei ya Rock. Tiketi za karatasi, usichore mtu mkono. Projekta au TV, wewe umesikia kisa cha mwanga, kama banda lako lina upande wazi na show inaisha kumekucha basi jibu umeshalipata, au ziba huo upande kwa turubai. Muda wa kuanza usikariri wa WrestleMania 41, subiri watangaze rasmi halafu ndio uandike, wanaweza kuusogeza na wewe ukafungua mlango Iyo Sky ameshamaliza.

Na kama una hela ya kufanya kitu kikubwa inayokuwasha mfukoni, itunze mpaka 2027. WrestleMania 43 wameshaipeleka Riyadh. Shemeji yangu yuko Muscat ameshaanza kupiga hesabu ya safari. Kwetu sisi uzuri ni kwamba saa za Riyadh ndio saa zetu, na maonyesho yao mengi ya Saudia yamekuwa yakianza usiku wa mapema kwao, siyo mambo ya saa nane na azana ya alfajiri. Fikiria WrestleMania ambayo mtoto wa shule anaweza kuangalia na mama wa chapati analala kwake. Huko ndiko kwenye biashara. Na hata huko ntakwambia hivi hivi, uza usiku, maana hizo peji zimeshaanza kunipa kadi ya Riyadh wakati hata ya Vegas hatujaiona.

Jenereta kodi, usinunue. AEW uliuliza nini vile, nimesahau na nikipandisha juu simu itazima, ipo asilimia mbili. Ukishaongea na mtu wa bango njoo hapa utuambie kakubali kurudisha kiasi gani, na hiyo peji kama inatoza elfu kumi kwa mwezi na inaandika "wakuu nimethibitishiwa muda huu" nitumie picha ya skrini, kuna kola ya shati naidai.